Chagua Kazi Kwanza, Lugha Baadaye
Mwongozo kwa kijana wa Simiyu anayetaka kuishi kwa kuandika programu

Kijana aliyemaliza kidato cha sita Bariadi, au aliyerudi Maswa na cheti cha TEHAMA akisubiri ajira, hukutana na ushauri wa kila aina. Mmoja humwambia asome Python, mwingine Java. Wa tatu anaapa kwamba siku hizi ni programu za simu tu, na wa nne amesikia akili unde imeshamaliza kazi yote ya kompyuta. Kijana hufungua video za masomo matano kwa wakati mmoja, na miezi ikipita anajua mwanzo wa lugha tano wala hajui mwisho wa hata moja. Mshika mbili moja humponyoka. Mshika tano hana pa kusimama.

Mwongozo huu unaligeuza swali. Usianze na "nijifunze lugha gani?" Anza na "nani ana kazi ambayo kompyuta inaweza kumpunguzia, na yuko tayari kuilipia?" Ukishamjua mtu huyo, lugha itajichagua yenyewe.

1. Tazama kumbukumbu zinazaliwa wapi

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Una wilaya 5 (Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu) na halmashauri 6, na sensa ya mwaka 2022 ilikuta una watu zaidi ya milioni 2. Ni mkoa wa mkulima na mfugaji, na kwa pamba ndio unaoongoza nchini. Mtu wa haraka atakuambia hapa si mahali pa kompyuta. Mwambie akae kwenye ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, msimu wa pamba. Kila gunia linapimwa, kila kilo inaandikwa, jina la mkulima linaingia kwenye daftari, risiti inakatwa, makato ya pembejeo yanatolewa, kisha fedha inatumwa kwa simu au benki. Hizo ni kumbukumbu maelfu kwa maelfu ndani ya wiki chache, na kosa la tarakimu moja ni jasho la mtu limepotea.

Tembelea na mahali pengine. Dengu na choroko zinauzwa kwa stakabadhi ghalani, mauzo yanafanyika kwa mnada wa kielektroniki. Zahanati inajaza takwimu za wagonjwa na dawa kila mwezi. Shule inatunza alama, michango na mahudhurio. Halmashauri inakusanya ushuru kwa mashine za mkononi na kontroli namba. Duka la pembejeo, famasi, gesti na SACCOS zote zina madaftari.

Zunguka na kalamu. Chagua sehemu tatu unazoweza kufika kwa miguu au kwa bodaboda, uombe ruhusa, kisha uulize mambo manne: mnaandika nini, nani anasoma mnachoandika, kosa gani hujirudia, na nani hukasirika likitokea. Majibu hayo yana thamani kuliko orodha yoyote ya "lugha kumi bora za mwaka."

2. Jua nani analipa

Kazi ya programu kwa mtu wa Simiyu ina milango minne, na kila mlango una ufunguo wake.

Serikali. Halmashauri huajiri maafisa TEHAMA, na matangazo hupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Mlango huu hutaka cheti kinachotambulika kabla hata hujaulizwa unajua nini, kisha unafanya usaili wa maandishi. Mifumo utakayoikuta kazini ni mikubwa na ya kitaifa: GePG ya malipo ya Serikali, GoTHOMIS ya hospitali na vituo vya afya, NeST ya manunuzi iliyoanza mwaka 2023, MUVU ya vyama vya ushirika. Afisa wa wilayani hatengenezi mifumo hiyo. Anaisimamia, anafundisha watumiaji, anatafuta tatizo liko wapi, anatoa taarifa. Anayetaka kuitengeneza atazame Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2019, pamoja na vyuo vikuu vinavyoshirikiana na wizara.

Afya na miradi ya maendeleo. Takwimu za afya nchini hukusanywa kwa DHIS2, mfumo huria uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeufanyia kazi kwa miaka mingi. Kiini chake kimeandikwa kwa Java, na sehemu anayoiona mtumiaji ni JavaScript. Uzuri wake ni kwamba nchi nyingi duniani zinautumia. Ukiuelewa ukiwa Itilima, umeuelewa na wa Uganda na Msumbiji. Mashirika yanayofanya kazi za afya hutafuta watu wa takwimu wanaojua kuuliza hifadhidata maswali na kuandaa ripoti.

Wafanyabiashara na ushirika. Huyu ndiye mteja wa karibu, na ndiye anayesahaulika. Hataki kujua umetumia lugha gani. Anataka jioni ajue kauza nini, kabakiwa na nini, na anamdai nani. Malipo yake si makubwa, lakini anaanza kukulipa ukiwa bado unajifunza, na jirani yake anaona.

Kazi za mbali. Mwanza, Dar es Salaam, Nairobi na ng'ambo kuna kampuni zinazoajiri watu wasiokaa ofisini. Mlango huu una ushindani wa dunia nzima, unadai Kiingereza cha kuandika na kazi za kuonyesha. Usiufanye wa kwanza. Na kabla hujakubali kazi ya mteja wa nje, hakikisha njia ya kupokea fedha inafanya kazi Tanzania, kwa akaunti yako, kwa jina lako.

3. Msingi usiooza

Kuna ujuzi unaokuja na kupotea. Waliojenga riziki yao juu ya Flash, teknolojia ya michoro hai ya tovuti, walishuhudia Adobe ikiizima rasmi mwishoni mwa mwaka 2020. Waliotengeneza programu za Windows Phone walibaki na maarifa yasiyo na simu. Kwa upande mwingine, SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, ilizaliwa IBM miaka ya 1970 na mpaka leo ipo chini ya karibu kila mfumo wa benki, hospitali na ushuru. Python ilitoka mwaka 1991. Java, JavaScript na PHP zote zilitoka mwaka 1995. Zimetukanwa, zimetangaziwa kifo, na bado zinalisha watu.

Kwa hiyo anza na yanayodumu, kwa mpangilio huu.

Kwanza, majedwali. Jua Excel au LibreOffice kwa undani: kuchuja, kujumlisha kwa masharti, kuunganisha orodha mbili, kugundua majina yaliyojirudia. Hii ni kazi inayolipwa kesho asubuhi. Tena inakufundisha kuona kumbukumbu jinsi kompyuta inavyoziona.

Pili, SQL. Tumia SQLite au MariaDB. Zote ni bure na zinafanya kazi bila intaneti. Usisonge mbele mpaka uweze kuunganisha majedwali matatu na kupata jibu moja sahihi.

Tatu, lugha moja, si mbili. Chukua Python kama moyo wako uko kwenye takwimu na ripoti, au PHP kama unataka kuuza mifumo ya tovuti kwa wafanyabiashara mapema, kwa kuwa seva za bei ndogo karibu zote zinaikubali. JavaScript utaihitaji baadaye upande wa kurasa, kwa vyovyote vile. Ng'ang'ania uliyoichagua kwa mwaka mzima.

Nne, Git, chombo cha kutunza matoleo ya kazi yako, alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005. Bila hicho hakuna timu itakayokupokea.

Ukiwa na manne hayo, lugha ya pili utaijifunza kwa wiki, maana utakuwa unajifunza maneno mapya ya mawazo unayoyajua.

4. Mradi wa kujipima: daftari la mizani

Achana na mazoezi ya vitabuni yanayohesabu wanafunzi wa kubuni. Tengeneza mfumo mdogo wa AMCOS: jedwali la wakulima, jedwali la mizani (nani, lini, kilo ngapi, daraja gani), jedwali la bei, jedwali la malipo na makato. Tumia majina ya kubuni. Mradi huu ni mdogo, lakini utakukutanisha na matatizo halisi ya ukanda wetu, ambayo mwalimu wa video wa California hawezi kukuambia.

Jina lenye ritifaa. Usukumani kuna Ng'wandu, kuna kata ya Ng'hoboko kule Meatu. Ukiandika msimbo kizembe, kwa kubandika jina moja kwa moja ndani ya swali la SQL, ile ritifaa inalikata swali katikati na mfumo unaanguka mbele ya mkulima. Mlango huohuo uliouacha wazi ndio mwizi anaoutumia kupenyeza amri zake kwenye hifadhidata. Dawa ni moja: tenganisha swali na thamani zake, yaani swali lisubiri jina badala ya kushonwa nalo. Ukilifahamu hili kwa sababu ya Ng'wandu, hutalisahau.

Mtu mmoja, tahajia tatu. Mkulima huyohuyo ataandikwa Ng'wandu leo, Mwandu kesho, na Ngwandu kwenye kitambulisho. Jina halifai kuwa utambulisho. Mpe kila mkulima namba yake ya uanachama na mfumo ushike hiyo.

Namba ya simu. Ukiihifadhi kama tarakimu za hesabu, sifuri ya mwanzo inapotea, na ujumbe wa malipo hauendi popote. Ihifadhi kama maandishi. Excel ina ugonjwa huohuo. Jihadhari unapofungua orodha ya wakulima humo.

Fedha. Tuseme mkulima kaleta kilo 87.5 na bei ni shilingi 1,150: anapaswa kulipwa shilingi 100,625, bila mjadala. Lakini kompyuta ikitumia namba za desimali za kawaida, 0.1 ikijumlishwa na 0.2 hutoa 0.30000000000000004. Hifadhi fedha kwa shilingi kamili na uzito kwa gramu, au tumia aina ya namba iliyotengenezwa kwa ajili ya fedha. Pia usiifute bei ya jana ukiweka ya leo. Kila bei ikae na tarehe yake, maana malalamiko huja baada ya wiki mbili.

Mtandao kukatika. Jenga ukijua kwamba umeme na intaneti vitaondoka katikati ya mizani. Mfumo ukubali kuandika bila mtandao, kisha upeleke kumbukumbu seva mtandao ukirudi, bila kurudia risiti ileile mara mbili. Anayeweza hili vizuri atapata kazi popote Afrika.

Simu ya mkulima. Wengi bado wana kiswaswadu. Programu nzuri ya simu janja haitawafikia; ujumbe mfupi na menyu za nyota na reli zitawafikia. Serikali yenyewe inatoa huduma kupitia *152*00#, na M-Pesa hapa Tanzania ilikua kwa njia hiyohiyo. Africa's Talking, kampuni iliyoanzia Nairobi, ina uwanja wa majaribio ambapo unaweza kutengeneza menyu kama hizo na kuzijaribu kwenye kompyuta kabla ya kulipia chochote.

Ukimaliza mradi huu umejifunza hifadhidata, usalama, fedha, kazi ya nje ya mtandao na ujumbe wa simu, na una kitu cha kumwonyesha katibu wa AMCOS.

5. Sasa chagua njia

Baada ya msingi, simama ujiulize kazi gani ilikufurahisha na ipi ilikuchosha. Kisha fuata njia moja.

Ulifurahia ripoti na kutafuta makosa ya takwimu: endelea na Python na SQL ya ndani zaidi, jifunze kuchora grafu, kisha DHIS2. Njia hii inaelekea afya, kilimo na utafiti.

Ulifurahia kumtengenezea mtu mfumo akautumia: fuata tovuti kwa PHP na zana yake Laravel, au kwa JavaScript. Ongeza kuunganisha malipo ya simu. M-Pesa ya Vodacom Tanzania ina njia rasmi kwa waandishi wa programu, lakini kwa matumizi ya kweli utahitaji biashara iliyosajiliwa na namba ya mlipakodi. Andaa makaratasi hayo mapema.

Ulifurahia simu: soma Kotlin, lugha ambayo Google iliipa kipaumbele kwa Android mwaka 2019, au Flutter, zana ya kutengenezea programu za simu. Njia hii inataka kompyuta yenye nguvu zaidi.

Ulifurahia kujua kwa nini mashine haiwasiliani: hiyo ni njia ya mitandao, seva za Linux na usalama. Halmashauri, hospitali na benki haziwezi kuishi bila mtu huyu, na wanaoichagua ni wachache kwa kuwa haina picha za kupendeza.

Kuhusu akili unde: usikimbilie kuiita kazi yako kabla hujajua SQL, na usiiogope. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, kuandika msimbo wa kawaida kumekuwa rahisi. Kilichopanda thamani ni kujua nini kiandikwe na kugundua kilichoandikwa vibaya. Mashine itakuandikia mfumo wa mizani kwa dakika moja. Haitajua kwamba kwenu makato ya pembejeo hutolewa kabla ya malipo, wala haitasimama mbele ya mkutano wa wanachama kueleza kwa nini hesabu hazilingani. Iulize, lakini usipokee mstari usioweza kuueleza mwenyewe.

6. Vifaa, bando na muda

Usiache kuanza kwa sababu ya kompyuta. Simu ya Android inaweza kuendesha Python na SQLite, na wengi wamejifunza msingi hivyo. Ukipata fedha, kompyuta mpakato iliyotumika yenye RAM ya GB 4 inatosha kwa SQL, PHP na Python. Kwa kutengeneza programu za Android tafuta GB 8 kwenda juu. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aiwashe bila chaja uone betri inakaa muda gani, na uulize kama ina diski ya SSD. Mashine ya zamani yenye SSD hushinda mpya isiyo nayo.

Bando litumie kwa akili. Video hula fedha; maandishi hayali. Mwongozo rasmi wa Python na ule wa PHP unapakuliwa wote kwa mara moja ukausoma usiku bila mtandao. XAMPP inakupa seva nzima ndani ya kompyuta yako. Masomo ya freeCodeCamp ni bure, na kozi ya CS50 ya Chuo Kikuu cha Harvard inasomwa bure pia. Lugha ya masomo hayo ni Kiingereza, hivyo weka daftari la istilahi na uandike maana kwa Kiswahili chako mwenyewe. Ndiyo utakayotumia kumweleza mteja.

Kama unahitaji kipato ukiwa unajifunza, tazama steshenari. Huko ndiko watu wa mkoa hujaza maombi ya ajira, ya mikopo ya chuo na ya TIN. Anayefanya kazi hapo anaona kila siku ni fomu ipi inawashinda watu na kwa nini. Hakuna darasa bora la kubuni mifumo inayoeleweka.

Saa moja na nusu kila siku inashinda siku nzima ya Jumamosi. Msimu wa kilimo ukifika na nyumbani wanakuhitaji shambani, punguza usiache: soma msimbo kwenye simu, rekebisha kosa moja, lala.

7. Vyeti, sheria na jina lako

Chuo ni lazima? Kwa Serikali, ndiyo, cheti kinahitajika. Kwa mfanyabiashara, hapana. Ukichagua chuo, hakikisha kimesajiliwa na NACTVET au TCU kabla hujalipa ada, na uulize wanafunzi waliopo: mnakaa kwenye kompyuta saa ngapi kwa wiki? Jibu hilo linasema mengi kuliko kipeperushi. Jihadhari na kozi fupi zinazoahidi ajira. Muulize mwenye kozi akuonyeshe kazi za wahitimu, si picha zao za mahafali.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ukishika majina, simu na namba za NIDA za watu, umeshika dhamana. Usibebe orodha halisi ya wakulima au wagonjwa nyumbani kwa ajili ya mazoezi, usiiweke kwenye hazina ya wazi ya Git, na usihifadhi nywila kama ilivyoandikwa. Anayeijua sheria hii vizuri ana neno la kusema kwenye usaili ambalo wengi hawana.

Mwisho, elewana na mteja kwa maandishi hata kama ni mjomba wako: kazi ni ipi, inaisha lini, matengenezo baada ya hapo ni ya nani, na kumbukumbu ni mali ya nani. Undugu mwingi umevunjika kwa mfumo uliouzwa kwa mdomo.

Ukiulizwa tena lugha gani ya kujifunza, jibu ni hili: SQL kwanza, kisha lugha moja tu, kwa ajili ya kazi ya mtu unayemjua. Wiki hii, kabla hujapakua chochote, nenda ghala moja, zahanati moja au duka moja, omba ruhusa, na ukae saa moja ukitazama daftari linavyojazwa. Andika makosa uliyoyaona. Hiyo orodha ndiyo mtaala wako.